KUPIMA SHINIKIZO LA DAMU BILA MKANDA: JE, SAA YA MKONONI HUPIMA NINI?

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika moja. Kwa muda wa siku nzima mapigo hayo hufikia 100,000. Kila pigo husukuma damu ndani ya ateri kwa nguvu yake, na nguvu hiyo hupanda na kushuka kwa kutegemea kazi, usingizi, hofu, dawa na hata namna mtu alivyokaa. Hata hivyo, mgonjwa anapofika zahanati hupimwa mara moja au mbili tu. Uamuzi juu ya matibabu yake, pengine matibabu ya maisha yote, hutegemea mapigo machache hayo kati ya laki moja.

Upungufu huu si mdogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo kubwa la damu, maradhi ambayo wengi huyaita kwa kifupi "presha". Karibu nusu yao hawakujua kuwa wanayo. Maradhi haya huweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu yoyote, hata siku moja mtu akapatwa na kiharusi, au figo zake zikashindwa kufanya kazi.

Kwa sababu hiyo wataalamu wamekuwa wakitafuta chombo cha kuvaliwa mwilini usiku na mchana, kisichobana mkono, nacho kionyeshe shinikizo la damu mfululizo. Leo ziko saa za mkononi na pete zinazodai kufanya kazi hiyo. Makala haya yanaeleza fizikia iliyomo ndani ya vyombo hivyo, na kujibu swali moja: namba inayoonekana juu ya kioo cha saa imepimwa, au imekisiwa?

Kanieneo ya damu na farasi wa Hales

Katika fizikia, kanieneo ni kani inayosukuma kila eneo la mraba mmoja. Shinikizo la damu ni kanieneo ambayo damu huitia kwenye kuta za ateri. Mtu wa kwanza kuandika kwa namba juu ya jambo hili alikuwa kasisi Mwingereza, Stephen Hales, katika kitabu alichokitoa mwaka 1733. Hales alimfunga farasi jike chini, akaingiza bomba la shaba katika ateri ya paja, na kuliunganisha na bomba refu la kioo lililosimama wima. Damu ilipanda ndani ya kioo hadi kimo cha futi 8 na inchi 3 juu ya usawa wa moyo, yaani mita 2.51.

Mwanafunzi anaweza kukigeuza kimo hicho kiwe kimo cha zebaki. Mita moja ya ujazo wa damu ina uzito wa kilogramu 1,060 hivi, na ya zebaki kilogramu 13,600. Basi mita 2.51 za damu ni sawa na 2.51 × 1,060 ÷ 13,600, yaani mita 0.196, au milimita 196 za zebaki. Hicho ni kimo kikubwa, lakini hapana ajabu kwa mnyama aliyefungwa na kujeruhiwa.

Mwaka 1828 Jean Poiseuille wa Ufaransa alitumia zebaki badala ya bomba refu la damu. Tangu hapo shinikizo la damu limehesabiwa kwa milimita za zebaki, hata katika mashine zisizokuwa na tone la zebaki ndani yake.

Mkanda: kani dhidi ya kani

Njia ya Hales haikuweza kutumiwa kwa wagonjwa wa kawaida. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci, daktari wa Turin nchini Italia, alitoa njia iliyo rahisi. Alizungusha kwenye mkono wa mgonjwa, juu ya kiwiko, mkanda wenye mfuko wa mpira, akaujaza hewa. Hewa ilipoubana mkono kwa nguvu ipitayo ile ya damu, ateri ilifungika na mapigo kwenye kifundo cha mkono yakatoweka. Kanieneo ya hewa wakati mapigo yanapotoweka au kurudi ni sawa na shinikizo la juu la damu. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi alieleza sauti zinazosikika kwenye ateri hewa inapopunguzwa polepole: sauti ya kwanza huonyesha shinikizo la juu, na kutoweka kwa sauti huonyesha shinikizo la chini. Kwa hiyo huandikwa, kwa mfano, 120/80.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mkanda hufanya kazi kama mizani. Upande mmoja ni kani ya damu isiyojulikana, na upande wa pili ni kani ya hewa inayojulikana. Zikilingana, ya kwanza inasomwa kutoka kwa ya pili. Mashine za kielektroniki za siku hizi hutambua mitikisiko midogo ya hewa badala ya sauti, kisha hukokotoa, lakini nazo pia hutumia kani inayojulikana.

Mnamo mwaka 1973 Jan Peňáz wa Chekoslovakia aliendeleza wazo hilohilo. Alivika kidole mkanda mdogo wenye taa na kihisi cha mwanga. Kila mara ateri ya kidole ilipotaka kupanuka, mkanda uliongezewa hewa papo hapo ili kuizuia. Hewa hiyo, ikipanda na kushuka pamoja na damu, ilichora shinikizo la kila pigo. Njia hii hutumika hospitalini, lakini kidole hubanwa muda wote, na mtu hawezi kwenda nacho shambani au kazini.

Saa ya mkononi haina mkanda wa hewa. Haitoi kani yoyote inayojulikana ya kulinganisha na kani ya damu. Hapana budi, basi, ipime kitu kingine.

Mwendo wa wimbi la pigo

Kitu hicho aghalabu ni wimbi. Moyo unapopiga, ukuta wa ateri hutanuka karibu na moyo, na mtanuko huo husafiri kuelekea mikononi na miguuni. Wimbi hili huenda kasi zaidi kuliko damu yenyewe, kama vile mshtuko upitavyo katika mpira wa maji kabla ya maji kufika mwisho wake. Mwaka 1878 Waholanzi Adriaan Moens na Diederik Korteweg walionyesha kwamba mwendokasi wa wimbi hutegemea ugumu wa ukuta:

v = √(E × h ÷ (ρ × d))

Hapa v ni mwendokasi wa wimbi, E ni kipimo cha ugumu wa ukuta, h ni unene wa ukuta, d ni kipenyo cha ateri, na ρ ni msongamano wa damu.

Ichukuliwe kwamba E ni 500,000 Pa na kwamba unene wa ukuta ni sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Ndani ya alama ya kipeuo mtu atapata 50,000 ÷ 1,060, yaani 47.2, kipeuo chake cha pili ni 6.87. Wimbi litakwenda mita 6.87 kwa sekunde. Ikiwa njia kutoka moyoni hadi kifundo cha mkono ni mita 0.7, wimbi litafika baada ya sekunde 0.102.

Sasa shinikizo la damu lipande. Ukuta ukivutwa zaidi huwa mgumu zaidi, kama ulivyo mpira uliotanuliwa sana. E ikiongezeka kwa asilimia 20, jambo ambalo laweza kuletwa na ongezeko la kadiri ya milimita 10 za zebaki, mwendokasi utakuwa mita 7.52 kwa sekunde, na wimbi litafika baada ya sekunde 0.093. Tofauti ni elfu 9 za sekunde. Kwa hiyo shinikizo likipanda, muda wa safari hupungua. Huo ndio msingi wa vyombo vingi visivyo na mkanda.

Ugumu wa kazi hii unaonekana katika namba hizohizo. Chombo kinachosoma mara 25 kwa sekunde husoma kila baada ya elfu 40 za sekunde, nacho hakiwezi kuitambua moja kwa moja tofauti ya elfu 9. Tena vyombo vingi huanza kuhesabu muda tangu umeme wa moyo unapotokea, lakini moyo huchukua kitambo kujikaza kabla ya kutoa damu. Kitambo hicho chaweza kukaribia sehemu moja ya kumi ya sekunde, nacho hubadilika mtu anaposimama au anapohamaki. Mabadiliko yake huweza kudhaniwa kuwa mabadiliko ya shinikizo.

Mwanga ndani ya ngozi

Saa hulitambua wimbi kwa njia ya mwanga. Nyuma yake mna taa ndogo, mara nyingi ya kijani, na kihisi. Himoglobini ya damu hunyonya mwanga wa kijani. Pigo likifika, damu huongezeka chini ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Pigo likipita, mwanga huongezeka. Mchoro unaopatikana hupanda na kushuka kama shinikizo, lakini unaonyesha kiasi cha damu, hauonyeshi kanieneo. Baridi ikiibana mishipa midogo ya ngozi, mchoro hubadilika; saa ikikazwa au kulegezwa, hubadilika pia.

Baadhi ya saa hazipimi muda wa wimbi. Hutazama umbo la mchoro peke yake, kisha kompyuta hulilinganisha na michoro ya watu wengi waliopimwa kwa mkanda. Hapa kuna hatari nyingine. Mwenye saa akiisha kuandika umri na uzito wake, kompyuta yaweza kutoa namba inayoelekea kuwa ya kweli kwa sababu tu watu wa umri huo kwa kawaida wana shinikizo la kadiri hiyo. Namba hiyo ni habari ya wenzake, wala si habari ya ateri yake.

Ziko pia njia nyingine zinazochunguzwa. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walieleza kiraka chembamba kinachobandikwa shingoni na kutumia mawimbi ya sauti isiyosikika kutazama ateri ikipanuka na kusinyaa. Kiraka hicho nacho hupima kipenyo cha ateri, na shinikizo hukokotolewa kutokana na kipenyo hicho.

Gunia na mchukuzi

Mfano wa sokoni utasaidia. Mfanyabiashara mwenye mizani huweka gunia la mahindi upande mmoja na mawe ya uzito upande wa pili. Mwenzake hana mizani. Hutazama jinsi mchukuzi anavyotembea na gunia mgongoni. Akitembea polepole, gunia ni zito. Lakini mchukuzi mwenye nguvu na mchukuzi dhaifu hawatembei sawa. Kwa hiyo yule wa pili lazima kwanza ampime mchukuzi wake kwa gunia ambalo uzito wake unajulikana.

Ateri za watu nazo zimetofautiana. Katika ateri kuu wimbi la kijana laweza kwenda mita 6 kwa sekunde, na la mzee likapita mita 10, ingawa shinikizo lao ni moja, maana ukuta wa ateri hukakamaa kwa umri. Kwa sababu hiyo saa nyingi huhitaji kusawazishwa: mwenye saa hupimwa kwa mkanda, namba hiyo huingizwa katika saa, na tangu hapo saa hukisia ni kiasi gani shinikizo limepanda au kushuka kutoka hapo. Kusawazisha huko hakuna budi kurudiwa mara kwa mara, kwa maana mchukuzi huchoka, huugua na huzeeka.

Namna chombo kisichopima kinavyoweza kufaulu mtihani

Mashine za mkanda hujaribiwa kwa kanuni inayojulikana: wastani wa makosa usipite milimita 5, na mtawanyiko wa makosa hayo, yaani mchepuko sanifu, usipite milimita 8. Je, kanuni hii yatosha kwa saa inayosawazishwa?

Zichukuliwe namba za kubuni kwa ajili ya somo. Watu watano wamesawazisha saa zao kwa shinikizo la juu la 118, 124, 131, 142 na 150. Saa hizo zimeharibika ndani. Hazisomi chochote, bali hurudia namba ziliyopewa. Baada ya saa moja watu haohao, wakiwa wamekaa kimya, wanapimwa kwa mkanda: 121, 122, 128, 145 na 149. Ukitoa namba za mkanda kutoka katika namba za saa, makosa ni -3, +2, +3, -3 na +1. Wastani wake ni sifuri, na mchepuko sanifu ni 2.8. Saa mbovu zimefaulu vizuri sana!

Kisha watu hao wapande ngazi mbio. Mkanda sasa unaonyesha 146, 150, 155, 171 na 178. Saa zingali zinasema 118, 124, 131, 142 na 150. Wastani wa makosa umekuwa milimita 27. Ubovu umefichuka kwa sababu shinikizo limebadilika. Fundisho lake ni hili: thamani ya chombo cha aina hii hujulikana shinikizo linapobadilika, wala haijulikani mtu anapokuwa katika hali ileile aliyosawazishwa.

Kwa kutambua jambo hilo, mwaka 2023 Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu ilipendekeza majaribio sita kwa vyombo visivyo na mkanda. La kwanza ni la usahihi mtu akiwa ametulia. La pili ni la mkono kuwekwa juu au chini. La tatu hutazama kama chombo kinatambua kushuka kwa shinikizo baada ya mgonjwa kutumia dawa. La nne hulinganisha macho na usingizi, la tano hufanywa wakati wa mazoezi, na la sita huchunguza kama usahihi unadumu kabla ya kusawazisha tena. Si kila chombo hulazimika kupitia yote. Hutegemea aina yake na kazi kinayodai kuifanya.

Jaribio la pili linaeleweka kwa hesabu fupi. Kila sentimita 10 za kimo cha damu ni 1,060 × 9.8 × 0.1, yaani Pa 1,039. Kwa kuwa milimita moja ya zebaki ni Pa 133, badiliko ni karibu milimita 8. Mtu anayelala na mkono juu ya mto amebadilisha shinikizo la kifundo chake bila moyo kubadilika.

Ngozi nyeusi na mwanga

Kuna swali jingine linalowahusu hasa wasomaji wa Afrika. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hunyonya mwanga, na mwanga wa kijani zaidi kuliko mwekundu. Mwaka 2020 wataalamu wa Michigan, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya chombo kingine cha mwanga, kile kinachovikwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Waliona kwamba kwa wagonjwa weusi upungufu wa oksijeni ulikosa kutambuliwa na chombo hicho karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe: asilimia 11.7 ikilinganishwa na 3.6. Uchunguzi huo haukuhusu shinikizo la damu, lakini ni onyo kubwa. Chombo cha mwanga lazima kijaribiwe juu ya ngozi za watu watakaokitumia, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kilijaribiwa kwa nani.

Faida iliyopo na mpaka wake

Haifai kuvidharau vyombo hivi. Kwa kawaida shinikizo la damu hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, na mtu ambaye lake halishuki yumo katika hatari zaidi. Mkanda unaojaa hewa kila nusu saa huweza kumwamsha aliyelala; chombo kisichobana kingeifanya kazi hiyo vizuri zaidi, kama kingethibitishwa. Saa yaweza pia kumshtua mtu asiyejua kuwa mgonjwa, naye akaenda kupimwa kwa mkanda.

Hatari huja pale namba ya saa inapochukua mahali pa kipimo. Mgonjwa anayetumia dawa amesawazisha saa yake kwa 122/78. Baada ya majuma machache anajiona mzima, anaacha dawa, huku saa ikiendelea kusema 122/78 au namba iliyo karibu nayo. Shinikizo lake linapanda pasipo maumivu, na chombo alichokitumaini kinamtuliza. Kwa sababu kama hizo, mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya iliyotajwa, uliotolewa mwaka 2023, haukuruhusu vyombo visivyo na mkanda vitumiwe kuamua ugonjwa au matibabu.

Kwa hiyo mtu asianze, asibadilishe wala asiache dawa kwa kufuata namba ya saa. Apimwe kwa mkanda unaolingana na mkono wake, baada ya kukaa ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, na kipimo kirudiwe. Mwanafunzi naye, kila anapoonyeshwa namba na chombo chochote, aulize kwanza: ni kitu gani hasa kilichopimwa, na ni kitu gani kilichokokotolewa kutokana nacho?

Maswali

1. Mtu ameinua kifundo cha mkono sentimita 40 juu ya moyo. Shinikizo la damu katika kifundo hicho litapungua kwa milimita ngapi za zebaki?

2. Ugumu wa ukuta wa ateri, E, ukiongezeka mara nne bila mengine kubadilika, mwendokasi wa wimbi utaongezeka mara ngapi?

3. Tumia namba za watu watano zilizotolewa hapo juu kuhakikisha kwamba wastani wa makosa baada ya kupanda ngazi ni milimita 27. Je, makosa yale yanazidisha au yanapunguza shinikizo la kweli? Ni lipi lililo la hatari zaidi kwa mgonjwa?

4. Jadilini: fundi amejaribu saa yake kwa vijana 100 wenye afya, wote wakiwa wamekaa kimya. Ni mambo gani ambayo jaribio hilo haliwezi kuyaonyesha?

Majibu: (1) Karibu milimita 31. (2) Mara mbili. (3) Yanapunguza shinikizo la kweli. Na hilo ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa humfanya mgonjwa adhani yu salama.